Shangazi Aliyesomea Konokono

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu mchanga kuchanjwa katika zahanati moja pale Ukunda. Muuguzi alifungua chupa, akachovya pamba, akampaka mtoto pajani. Harufu ya spiriti ikanifikia nilipokuwa nimeketi, nami nikainuka nikatoka nje, nikamwacha mtoto mikononi mwa mtu nisiyemjua hata jina. Muuguzi alidhani naogopa sindano. Akanitania kupitia dirishani kwamba mama mzima nimemwachia mtoto wa miezi mitatu ushujaa wa nyumba. Nilicheka ili yaishe. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba kwangu harufu ile si ya zahanati. Ni harufu ya chumba cha shangazi yangu, Kikoneni, na ya mguu wa mtoto mwenzangu aliyeitwa Mejumaa, na ya neno moja la uongo nililolisema nikiwa na miaka tisa.

Shangazi Riziki alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kwenda chuo kikuu, na alipopata nafasi hiyo bibi alichinja mbuzi, akaalika majirani na walimu wa madrasa, ikasomwa dua. Katika dua ile aliombewa awe daktari. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anakwenda kusomea nini. Kwetu mtu akisoma sana alikuwa ama mwalimu ama daktari, na ualimu shangazi alikuwa ameshasema hautaki. Aliporudi miaka kadhaa baadaye akasema amesomea zuolojia, na kwamba maana yake ni elimu ya wanyama, watu walifurahi nusu. Kumbe ni daktari wa ng'ombe, wakasema. Si haba, ng'ombe nao huugua.

Wakaanza kumletea wagonjwa. Aliletewa mbuzi mwenye upele, kuku waliopinda shingo, na siku moja punda aliyekataa kula, ambaye mzee aliyemfuga alimvuta kutoka mbali akafika naye mlangoni wakati wa chakula cha mchana. Shangazi alitoka na mkono wenye ugali, akamwamkia mzee, akamweleza lile alilowaeleza wote: yeye hatibu. Yeye huchunguza mnyama alivyo, anavyozaliwa, anachokula, anapokaa, na nani anaishi ndani ya nani. Daktari wa mifugo yuko Kwale na nambari yake ya simu hii hapa. Mzee aliitikia kwa adabu zote, kisha akamsogeza punda karibu kidogo. Baadhi ya watu walisema binti yule ni mnyenyekevu, hataki kujisifu. Wengine walisema anaringa. Hakuna aliyesema labda anachosema ndicho hicho hicho.

Kazi iliyomrudisha nyumbani ilikuwa ya kuhesabu konokono. Baba alipolisikia hilo alisema bata wa jirani wamekuwa wakiwaokota konokono hao miaka yote, na hakuna aliyewadai cheti. Shangazi alicheka kuliko sote. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo asubuhi alishuka bondeni na chujio lenye mpini mrefu na mabuti ya mpira yaliyomfika magotini, nami nyuma yake nimebeba kikapu cha chupa. Tulikwenda bwawa la chini, ambako akina mama walifua na wavulana waliogelea. Alichota majani ya majini, akayapindua, akaokota humo konokono wadogo wa rangi ya kahawa, wadogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nikamuuliza wana nini cha maana. Akaniambia ndani ya baadhi yao anakaa mdudu asiyeonekana kwa macho, akitoka humwingia mtu kupitia ngozi akiwa majini, na mdudu huyo ndiye anayewafanya wavulana wa kwetu wakojoe damu. Nilishtuka. Kwetu mvulana akianza kukojoa damu watu walisema anakua, na wengine walimpongeza.

Nyumbani alipanga dirishani gilasi za bibi, zile zilizokuwa hazitoki kabatini ila siku ya Idd. Kila gilasi aliitia maji kidogo na konokono mmoja, akaiacha jua liipige. Jua likipanda wale wadudu hutoka, naye aliwatazama kwa lenzi, akaandika. Bibi aliziosha gilasi hizo kila jioni kwa majivu na ndimu mara tatu, huku akinung'unika kwamba Idd ijayo wageni watakunywa kwenye vikombe vya bati, maana yeye hana uso wa kumpa mtu maji ya konokono. Lakini hakuzificha. Nadhani alijivunia kuwa na kitu nyumbani ambacho chuo kikuu kilikihitaji.

Nilimpenda shangazi yangu kwa namna ambayo leo nikiikumbuka naona haya. Nilitembea kama yeye, nikashika mkono kiunoni kama yeye. Njiani alinitaka nimtajie wanyama, nikamtajia ng'ombe, mbuzi, punda, paka na ndovu. Akaniuliza, na kaa je? Nikamwambia kaa si mnyama, kaa ni kitoweo. Alicheka hadi akaketi kwenye nyasi. Kisha akanihesabia polepole: kaa ni mnyama, na mchwa, na papa, na kwale wa porini, na chawa, na minyoo iliyomo tumboni mwa mtoto asiyenawa mikono, na huyu konokono, na mimi, na yeye. Wote tumo. Elimu yake, alisema, haina mnyama inayemdharau wala inayemwogopa, na ni pana kiasi kwamba mtu mmoja akifa amejua konokono wa bwawa moja tu ameshafanya kazi.

Mimi nilifika na habari hiyo madrasa. Niliwaambia wenzangu kwamba binadamu ni mnyama, na ustadhi akanisikia. Alinisimamisha ukutani hadi mwisho wa darasa, akaniambia mwanadamu ametukuzwa na atakayenifananisha na konokono asinipotoshe. Shangazi alipopata habari alijifunga mtandio vizuri, akaenda kumwona. Walizungumza barazani muda mrefu na sikuruhusiwa kusogea. Aliporudi alisema ustadhi yuko sawa katika lake na yeye yuko sawa katika lake, na mimi nilichokosa ni kuyapeleka maneno mahali pasipo pake bila kuyaelewa. Hakuninunia wala hakunipiga. Ningaliyatia akilini maneno yale, nisingalikuwa na la kuandika leo.

Sasa nifike kwenye chupa. Siku moja baba alimuua nyoka mdogo kwenye makuti ya paa la jiko. Shangazi alimwomba asimtupe. Akamtia katika chupa ya mdomo mpana, akajaza spiriti kutoka kwenye kidumu alichokiweka chini ya kitanda chake, akafunga. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ili asioze, apate kumpeleka Kwale kwa mtu anayewajua nyoka. Nikauliza, hata akikaa mwaka hataoza? Hata miaka kumi, akasema, maadamu spiriti haijakauka. Wiki ile ile alijikata kidole kwa chupa iliyovunjika, akajimwagia spiriti hiyo hiyo, akakunja uso, akaniambia inachoma lakini inaua vidudu vya kidonda.

Mtoto hana kazi nyingi, kwa hiyo hupata wasaa wa kuunganisha mambo. Mimi niliyaunganisha hivi: nyoka alikuwa na sumu, akatiwa katika maji yale, akanyamaza. Mwili huoza, lakini ukitiwa katika maji yale hauozi. Kidonda cha shangazi kilipona kwa siku tatu. Kwa hiyo shangazi, pamoja na kukataa kwake kote mbele ya wenye mbuzi na punda, alikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa chini ya kitanda, nami peke yangu ndiye niliyejua. Wala halikunijia wazo la kumuuliza. Nilivimba kichwa, nikaanza kuwaambia wenzangu kisimani kwamba shangazi yangu ana dawa ya nyoka.

Aliyeniamini zaidi ni Mejumaa. Alikuwa binti wa jirani yetu, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, mrefu, mpole, mwenye pengo la jino la mbele ambalo alilificha kwa ulimi akicheka. Baba yake alikuwa akifanya vibarua Mombasa na alikuja mara chache. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Mejumaa kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine, alilima mihogo na kukusanya korosho. Mejumaa alisikiliza kila nililosema kuhusu shangazi kwa macho makubwa, akaniomba siku moja nimwonyeshe chupa. Nilimwingiza chumbani shangazi alipokuwa nje. Aliitazama kwa mbali, mikono nyuma, akaniuliza kama nyoka yule anasikia tunachosema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, adhuhuri imekwisha kupita. Tulikuwa shambani kwao tukiokota korosho, mabibo yameiva yanaanguka yenyewe, majani makavu yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Sikumwona nyoka akiuma. Nilimsikia Mejumaa akisema, "Nimechomwa," kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Kisha nikaona kitu kinene chenye mabaka kikijivuta chini ya majani polepole, bila haraka yoyote. Lilikuwa bafe. Nilikimbia nyumbani kwao huku Mejumaa akinifuata kwa mguu mmoja, akiwa ameshika kikapu, hataki korosho zimwagike.

Mama Mejumaa hakupiga kelele. Alichana ukingo wa leso, akaufunga mguu wa mwanawe chini ya goti, akamtuma mtoto aliyekuwa karibu akamwite kijana wa bodaboda pale madukani. Kijana alifika upesi. Hili nalikumbuka vizuri, maana nimelirudia maisha yangu yote: pikipiki ilikuwa imesimama uani, injini inanguruma, Mejumaa ameshainuliwa kupakiwa, ndipo nikasema shangazi yangu ana dawa yake.

Mama Mejumaa akageuka. Hospitali ilikuwa Msambweni, njia mbovu, mumewe hayupo, na mwaka uliotangulia jirani mmoja aliyeumwa na nyoka alipelekwa huko kwa machela akarudishwa amefunikwa. Na yeye alikuwapo siku ya dua ya shangazi. Ndiye aliyepakua wali. Naamini zaidi ya yote alitaka mtu amwambie kwamba jambo lile linaweza kuishia pale pale uani.

"Riziki ana dawa ya nyoka?" akaniuliza.

"Anayo. Nimeiona."

"Amekuambia kwa kinywa chake kwamba ni dawa?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema sijui, neno ambalo shangazi alilitumia mara kumi kwa siku bila kuona aibu. Lakini watu wote uani walikuwa wakinitazama mimi, mtoto wa miaka tisa, na Mejumaa naye alikuwa akinitazama, na tayari nilikuwa nimeshajisifu kisimani.

"Ndiyo," nikasema. "Amesema haiachi mwili uoze, na sumu ya nyoka inaiweza."

Nusu ya maneno hayo yalikuwa ya shangazi. Nusu nyingine niliyatia mimi pale pale, na yalitoka mdomoni mwangu laini kabisa. Kijana wa bodaboda alisema yeye kwa maoni yake waende tu hospitali. Mama Mejumaa akamwambia asubiri kidogo, kisha akamwambia aende, atampigia simu akimhitaji. Kijana akawasha akaondoka. Watu husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na watoto tunaimba methali hiyo shuleni kwa sauti moja bila kujua inasema nini.

Nilikimbia kwetu. Bibi alikuwa shambani, baba kazini. Nikavuta kidumu kutoka chini ya kitanda, kilikuwa kizito, nikakikokota hadi kwa akina Mejumaa. Mama yake akamimina spiriti ndani ya karai, akauingiza mguu humo taratibu. Mejumaa akanishika mkono. Hakuniachia.

"Inachoma," akaniambia.

"Ndivyo inavyofanya kazi," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akang'ata leso ya mama yake, akavumilia. Alivumilia kwa sababu mimi nilimwambia. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ninaloshindwa kulitazama.

Kisha nikasema shangazi yuko bondeni, nikatumwa nikamwite aje kumalizia kazi yake. Nilikimbia njia nzima. Bwawani palikuwa na mama mmoja tu akianika nguo, na alisema hajamwona tangu jana. Ndipo nikakumbuka kwamba ni Jumatano. Kila Jumatano shangazi alikwenda Kwale kupeleka chupa za wiki nzima, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Nilikuwa nimemsaidia mwenyewe kufunga kikapu usiku uliotangulia. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia. Nilijua ninalopaswa kufanya: nirudi mbio niseme hayupo, mwiteni kijana wa pikipiki. Lakini nilikuwa nimewaambia yuko bondeni, na nikisema hayupo wangeanza kuuliza na mengine. Nikakaa pale hadi mama yule alipomaliza kuanika. Niliporudi nikasema, "Amesema anakuja."

Kwa hiyo walingoja. Alasiri iliingia, mguu ukavimba hadi juu ya goti, ngozi ikang'aa, malengelenge yakatoka. Mejumaa alitapika mara mbili. Akina mama waliokusanyika walianza kusoma dua, na mmoja wao akasema tena habari ya hospitali, lakini Mama Mejumaa alijibu kwamba Riziki anakuja, ameshasema anakuja. Hakuna simu iliyopigwa, kwa kuwa niliyesema nimemwona nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mimi nilikuwa nikisali kwa namna yangu. Nilikuwa nikimwomba Mungu amfanye shangazi atoke Kwale mapema, na pia nilikuwa nikimwomba asifike.

Alifika jua likikaribia kuzama, akitembea kutoka kituoni na kikapu kitupu kichwani. Alipoingia uani alisimama. Kabla ya kumwona mgonjwa nadhani ilimfikia harufu. Akatazama karai, akatazama kidumu, akainama, akaushika mguu wa Mejumaa kwa mikono miwili.

"Nani ameweka hii?"

"Si ni dawa yako?" Mama Mejumaa akamjibu. "Umesema mwenyewe inaiweza sumu. Tumekungoja tangu adhuhuri, Riziki. Fanya basi."

Shangazi aliinua macho akanitafuta. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mtungi wa maji. Tulitazamana muda mfupi sana, na mimi nikatazama chini. Alipozungumza hakuzungumza na mimi. Alisema mtoto huyu apelekwe hospitali sasa hivi, akamwinua Mejumaa mwenyewe, mrefu alivyokuwa, akatoka naye mbio hadi barabarani, mama yake nyuma. Walisimamisha pikapu iliyobeba ndizi, wakapanda juu ya ndizi. Huko hospitali madaktari walijitahidi walivyoweza. Walimwambia shangazi kwamba sindano ya kuzuia sumu ilitakiwa saa nyingi zilizopita. Mejumaa alifariki kabla ya alfajiri, na simu ya baba ililia tukiwa tunakunywa chai.

Sikulia mazikoni. Watu walisema nimeshtuka, wakanionea huruma, bibi akanisomea aya na kunipulizia maji usoni. Siku ya pili ya matanga, Mama Mejumaa alisimama katikati ya akina mama, mbele ya shangazi aliyekuwa amekuja na sinia la chakula. Hakupandisha sauti.

"Tulikuombea dua," alimwambia. "Ukasomea wanyama, sikukulaumu. Lakini kama hukuwa na dawa, kwa nini ulisema unayo? Mwanangu amekufa akikungoja wewe."

Akina mama wote walimgeukia shangazi. Mimi nilikuwa mlangoni, nimebeba birika. Shangazi alikuwa na jibu, na lilikuwa fupi. Angeweza kusema, sikusema mimi, muulizeni mtoto huyu. Aliweka sinia chini.

"Nisamehe, dada," akasema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea shangazi mbuzi wala kuku. Aliposhuka bondeni akina mama walikusanya nguo zao wakaondoka, hata kama hazijakauka. Watoto walikatazwa kupita dirishani kwetu. Ilisemekana kwamba maji ya chupa zake ndiyo yaliyomuua Mejumaa, kwamba anafuga wadudu kwenye gilasi ili awatie watu. Kazi ilikuwa imebakiza miezi miwili. Aliifunga kwa wiki moja. Wavulana waliendelea kuogelea katika bwawa la chini na kukojoa damu, na hakuna aliyekuja tena kuwaambia kwamba si ukubwa.

Siku ya kuondoka aliniita chumbani nimsaidie kufunga mizigo. Alikuwa amemtupa yule nyoka shimoni na kuiosha chupa. Alikaa kitandani, akaniweka mbele yake, akanishika mabega.

"Wewe ulidhani kazi yangu ni nini?" akaniuliza.

Nikaitazama ile chupa iliyooshwa.

"Kazi yangu ni kutazama kiumbe mpaka nimwone alivyo, halafu niseme nilichokiona. Nisipoona, niseme sijui. Hakuna zaidi. Elimu yote niliyoisomea ni hiyo, ya konokono, ya nyoka, ya ndovu."

Alingoja. Nimekuwa mtu mzima sasa, nimengojwa na watu wengi, na najua mtu akingoja namna ile anataka nini. Alikuwa amenifungulia mlango. Alitaka niseme tu, mbele yake peke yake, halafu pengine angenikumbatia na kunibeba pamoja na uongo wangu. Nikamuuliza kama nimbebee kikapu hadi kituoni. Alinitazama kidogo tena, akasema haya.

Hakuishi tena Kikoneni. Alifanya kazi yake kwingine, kwa watu wasiomjua, na alikuja nyumbani kwa misiba tu, akakaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya chakula. Hakuolewa. Kila mwaka alinitumia zawadi ya Idd, na nilipofaulu shule aliniandikia ujumbe mrefu wa kunipongeza usiokuwa na hata neno moja la siku zile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeitembea nikiwa na afya njema, watoto wawili na jina zuri. Kila mara niliapa kwamba safari hii nikimwona nitasema, na kila mara tulizungumza habari za mvua na bei ya unga.

Alifariki mwaka jana, baada ya ugonjwa uliomla polepole. Tulimzika Kikoneni, pembeni mwa bibi. Siku ya tatu, watu walipokuwa wanatawanyika, Mama Mejumaa aliingia. Amekuwa mzee sasa, macho yake yana ukungu. Alimpa baba pole, akaketi mkekani mgongo ukutani, nami nikampelekea chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia poleni kwa msiba. Nikaketi karibu yake. Nilijua nisiposema pale sitasema tena.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa sauti ya chini, wengine wakiwa uani wanaosha sufuria. Kwamba shangazi hakusema kamwe kuwa ana dawa. Kwamba ni mimi. Kwamba nilikwenda bondeni sikumkuta, nikarudi nikasema anakuja, na yeye alikuwa Kwale hajui lolote. Kwamba siku ile ya matanga alinyamaza kwa ajili yangu. Mama Mejumaa alinisikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi. Kisha akakiweka chini, akauchukua mkono wangu, akaupigapiga taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Ulimpenda sana shangazi yako," akasema. "Hilo ni jema. Lakini usimfanyie hivi, mwanangu. Maiti hasafishwi kwa uongo."

Nikamwambia si uongo. Nikaapa kwa jina la Mungu, na machozi yakanitoka, yale ambayo hayakutoka mazikoni kwa Mejumaa.

Uso wake ukabadilika. Aliurudisha mkono wake kifuani.

"Miaka tisa," akasema polepole. "Ulikuwa na miaka tisa. Pikipiki ilikuwa uani kwangu, inanguruma. Mimi, mama yake, niirudishe pikipiki kwa neno la mtoto wa miaka tisa? Niambie. Mimi?"

Alikuwa akinitazama kwa macho yale yenye ukungu, na alikuwa akisubiri jibu langu kwa hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shangazi alikuwa ameliona hili tangu siku ile alipoliweka sinia chini. Hakuwa amenyamaza kwa ajili yangu peke yangu.

"Hapana, mama," nikasema. "Nisamehe. Nimesema uongo."

Akashusha pumzi. Akaniambia Mungu atatusamehe sote, mimi, na shangazi yangu naye huko aliko. Kisha akaniomba nimwongezee chai, nami nikainuka nikamwongezea.